MITA 27 ZA SHAMBA LA CHINI
Namna mistari ya mpaka inavyotoka katika namba za mpimaji



Tangu mwanzo wa trimestri hii maneno mengi yanatembea katika dortwari na kwenye robine juu ya shamba la chini, lile linaloteremka mpaka karibu na kijito. Wanasema majirani wetu wamekula udongo wa shule. Wanataja hata kipimo: mita 27. Tena tumesikia kwamba vijana fulani wa mwaka wa nne walikuwa tayari kwenda na majembe kung'oa muhogo wa wale wamama wanaolima nyuma ya mikalatusi.

Ile namba 27 ni ya kweli. Ilikuwa juu ya skrini ya kompyuta siku sisi wa mwaka wa sita tulipokuwa tunachora shamba, mtu akapita nyuma yetu, akaisoma, akaenda kuitangaza. Lakini namba ile haisemi yale mnayoisemesha. Kusudi kila mtu aelewe, inafaa tueleze kazi yote toka mwanzo: namna mtu anavyochukua namba zilizoandikwa na mpimaji na kuzigeuza kuwa mistari, kwanza juu ya karatasi, halafu katika kompyuta.

Biro ya shule ina nakala ya PV ya kupima na kuweka mawe, yaani ile karatasi ambayo mpimaji wa Serikali anaandika akiisha kupima shamba. Nakala yetu ilipigwa kwa mashine ya kuandika. Mchwa wamekwisha kuanza kuila upande mmoja, ndiyo sababu tulipewa kazi ya kuchora shamba upya.

Ninyi mnadhani katika PV kuna picha ya shamba. Picha iko, ndogo kama kiganja, lakini si yenyewe inayoshika mpaka. Mpaka unashikwa na namba. Mpimaji hachukui mstari mzima wa mpaka. Anachukua mawe ya pembeni, yale tunayoita borne, anayapa herufi, na kwa kila upande anaandika vitu viwili tu: unaelekea wapi na urefu wake. Hivi ndivyo karatasi yetu inavyosema:

A mpaka B: mwelekeo 68,21, urefu m 125,30
B mpaka C: mwelekeo 170,48, urefu m 89,44
C mpaka D: mwelekeo 242,08, urefu m 141,02
D mpaka E: mwelekeo 320,48, urefu m 94,87
E mpaka A: mwelekeo 7,92, urefu m 80,62
Eneo: hekta 1, ari 68, sentiari 00

Urefu kila mtu anaujua. Mwelekeo ndio unaowashinda wengi. Simama juu ya jiwe A, tazama kaskazini. Sasa geuka polepole kwa mkono wa kuume, kama mshale wa saa unavyotembea, mpaka macho yako yaangukie jiwe B. Kiasi ulichogeuka ndicho mwelekeo wa A kwenda B. Kwa Kifaransa wapimaji wanakiita gisement. Kila mara unaanza kaskazini, kila mara unageuka kwa kuume. Na ukisimama B kutazama A, mwelekeo si ule ule. Umegeuka nusu ya duara. Kwa hiyo mwenye kusoma PV anapashwa kuzunguka shamba kwa njia ile ile aliyozunguka mpimaji, asikatishe.

Je, 68,21 ni nini? Tulipoonyesha karatasi katika kalasi, karibu wote walijibu "digrii". Hapana, ndugu. Wapimaji waliofundishwa kwa desturi ya Ufaransa na Ubelgiji wanapenda kugawanya duara katika gredi 400, si digrii 360. Pembe mraba ni gredi 100, nusu duara ni 200. Hii ndiyo ile "grade" ya kitabu cha trigonometri tunayoiruka kila mwaka tukisema haina kazi. Ingekuwa namba moja imepita 360, tungejua palepale kwamba si digrii. Katika karatasi yetu hakuna iliyopita, ndiyo maana inadanganya. Ukichora zile namba kama digrii, mstari wa mwisho unaanguka zaidi ya mita 60 mbali na jiwe A, na shamba linafanana na mdomo wa mamba.

Tena kuna jambo la kaskazini yenyewe. Kaskazini ya dira si kaskazini ya ramani. Sindano ya dira inafuata nguvu ya sumaku ya dunia, na nguvu hiyo inasogea mwaka kwa mwaka. Mwelekeo uliochukuliwa kwa dira zamani hauwezi kukubaliana kabisa na wa leo ingawa mawe hayakutikisika. Kosa la gredi moja tu, ukienda mita 100, linakutupa pembeni mita 1 na sentimita 57. Kwa hiyo ukikuta PV ya zamani uliza kwanza: ni kaskazini gani? Kwa ramani za siku hizi wengi wanatumia vipimo vya UTM, ambavyo vinakata dunia katika kanda 60, kila moja digrii 6. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ziko zote katika kanda ya 35. Bunia imekwisha kuvuka kuingia ya 36, na Kinshasa iko mbali katika ya 33. Mtu asiyejua hayo anaweza kuweka parseli yake ya Bunia fasi ambapo hakuna hata nyumba moja.

Sasa kuchora. Kwa late na raportere mtu anaweza kuchora shamba letu katika nusu saa, lakini raportere ya shule haisomi vizuri hata nusu digrii, na mistari inapotea njia. Ni afadhali kuhesabu. Kila upande ni ulalo wa pembetatu yenye pembe mraba: umekwenda kiasi fulani mashariki, na kiasi fulani kaskazini. Urefu mara sinusi ya mwelekeo unatoa mashariki. Urefu mara kosinusi unatoa kaskazini. (Angalieni: katika kalasi tunazoea kosinusi kulala na sinusi kusimama. Hapa ni kinyume, sababu pembe inaanza kaskazini.) Kwa A mpaka B: 125,30 mara sinusi ya 68,21 ni mita 110 mashariki, mara kosinusi yake ni mita 60 kaskazini. Mashine ya kuhesabu iwekwe kwanza kwenye gredi, kama sivyo utapata upuzi na hutajua kama ni upuzi. Jibu likitoka na alama ya kutoa, maana yake umekwenda magharibi ao kusini.

Mkiisha kufanya pande zote tano, jumlisheni mashariki na magharibi pamoja, halafu kaskazini na kusini pamoja. Aliyeondoka A akazunguka shamba akarudi A hakusafiri kwenda popote. Basi kila jumla inapashwa kuwa sifuri. Wapimaji wanaita jambo hilo kufunga. Nasi tunawaomba mshike neno hilo, kwani habari yote ya mita 27 imekaa ndani yake.

Kompyuta inafanya hesabu ile ile, ila upesi. Sisi tulitumia AutoCAD, programu ya kuchora iliyoanza mwaka 1982, ambayo mafundi wa majengo wengi wanaijua. Bei yake ya kawaida si ya mwanafunzi. Iko nyingine, QGIS, iliyoanza mwaka 2002, ya kupata bure. Nayo inaweza kuchora kwa umbali na pembe, ao kupokea orodha ya pembe za shamba ukiisha kuzihesabu mwenyewe.

AutoCAD ina tabia yake ambayo ni lazima kuivunja mbele ya kuanza. Yenyewe inafikiri kama mwalimu wa jometri: sifuri iko mashariki, na pembe zinakua kwa mkono wa kushoto, kinyume cha saa. Mpimaji ni kaskazini na kuume. Kama hukuiambia, inachora namna yake. Na hapa kuna mtego tuliouona kuwa mbaya kuliko yote: umbo litakalotoka linafunga vizuri kabisa, hata eneo lake ni sawasawa! Ila limegeuzwa kama uso ndani ya kioo. Mashariki imekuwa kaskazini, na kaskazini imekuwa mashariki. Dawa yake ni kutazama tu: kwenye karatasi herufi A, B, C, D, E zinazunguka kama saa, kwenye skrini zikizunguka kinyume, futa uanze tena.

Basi, katika amri inayoitwa UNITES unachagua aina ya pembe kuwa gredi, unaweka sifuri kaskazini, unatia alama kwenye sens horaire. Halafu amri LIGNE. Jiwe A unalipa namba yoyote, sisi tulilipa 1000 mashariki na 1000 kaskazini kusudi tusikutane na namba za kutoa. Kisha unaandika @125.30<68.21, na mstari wa A mpaka B unatokea. Ile alama @ inaambia mashine: hesabu toka pale ulipofika, si toka mwanzo wa ramani. Ile < inatangulia mwelekeo. Na tazameni vizuri nukta. Sisi tunaandika 125,30 kwa mkato kama tulivyofundishwa. Kwa AutoCAD mkato unatenga mashariki na kaskazini, nayo itasoma 125 na 30 kama vitu viwili. Karatasi ina mkato, mashine inataka nukta.

Tuliandika pande zote tano, mmoja akisoma, wa pili akiandika, wa tatu akisimama nyuma kuhakikisha. Mstari wa mwisho ulipashwa kurudi 1000 na 1000. Haukurudi. Uliishia 983,42 mashariki na 978,69 kaskazini. Kati ya mwisho huo na jiwe A kulibaki mlango wazi wa mita 27.

Hiyo ndiyo mita 27 yenu. Ilikuwa kati ya namba na namba, ndani ya karatasi. Hakuna mtu aliyekuwa ameilima.

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo mashamba ya watu yanapotea. Katika AutoCAD kuna njia rahisi ya kuondoa aibu hiyo. Ukiwa umefika E, badala ya kuandika upande wa mwisho, unapiga herufi C tu, mashine inavuta mstari mpaka A na umbo linafunga. Ni zuri kwa macho. Hakuna taa nyekundu inayowaka, hakuna sauti. Ungelipiga chapa, ungelipeleka popote, na kila mtu angesema watoto hawa wamejua kazi. Sisi tulijaribu ili tuone. Upande wa E mpaka A, ambao karatasi inasema ni mita 80,62, ulikuwa mita 104,74. Na eneo, tulipouliza kwa amri AIRE, lilikuwa mita za mraba 19 772. Karatasi inasema hekta 1 na ari 68, yaani 16 800. Karibu ari 30 zimezaliwa kwa kidole kimoja. Ni zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68. Na zimezaliwa wapi? Upande wa chini, kuelekea kijito, juu ya muhogo na maharagi ya wale wamama.

Kwa hiyo swali likawa: namba gani inasema uongo? Kompyuta haijui. Lakini mlango wenyewe unajua, ukiuuliza vizuri. Una urefu, mita 27, na una mwelekeo pia. Toka A mpaka mahali mstari ulipoishia ni mita 16,58 magharibi na 21,31 kusini. Gawanyeni ya kwanza kwa ya pili, tafuteni pembe yenye tanjenti hiyo, ongezeni nusu duara, mtapata 242,08. Sasa rudini kwenye orodha. Upande gani una mwelekeo 242,08? Ni mmoja tu: C mpaka D.

Sababu ni nyepesi. Kama urefu wa upande mmoja umezidishwa, pande zote zinazofuata zinasukumwa mbele kwa kiasi kile kile na kwa njia ile ile, kama wanafunzi katika mstari wa chakula mmoja akisukuma wa mbele yake. Mwishoni kosa linatokea likiwa bado na uso wa upande uliolizaa. (Kama kosa lingekuwa katika mwelekeo wa upande mmoja, si katika urefu, mlango ungelala karibu pembe mraba na upande ule.) Basi toeni 27 katika 141,02. Inabaki 114,02. Someni tena namba hizo mbili: 141 na 114. Aliyepiga karatasi kwa mashine alibadilisha nafasi za tarakimu mbili. Waandishi wa hesabu za pesa wanaijua alama hiyo toka zamani: ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti inagawanyika kwa 9 sikuzote. Na 27 ni 9 mara tatu.

Tulipoandika @114.02<242.08, mstari wa mwisho ulirudi kwenye jiwe A, ukaachana nalo karibu sentimita moja tu, katika mzunguko wa mita 504. Eneo: 16 800. Hata eneo la karatasi, ambalo hakuna aliyekuwa analitazama, lilikuwa shahidi tangu mwanzo.

Wengine walitaka tumalizie hapo. Lakini kufunga hakuoni kila kitu. Umbo la kioo linafunga, tumekwisha kuliona. Umbo lililozungushwa lote kwa sababu ya kaskazini ya dira linafunga pia. Na makosa mawili yanaweza kufichana. Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata tulishuka shambani, watu sita, na utepe wa mita 50, fito tatu na kamba, pamoja na mwalimu wa matematika.

Jiwe C lilikuwa wazi kando ya njia. Jiwe D lilikuwa limefunikwa na matete. Tulianza kukata, na mama mmoja anayelima pale akatuita: "Batoto, munatafuta nini? Ile libwe iko huku. Miye niliikuta hapa siku nilifika kuolewa." Alitupeleka mwenyewe, hatua kumi upande wa pili. Muhogo wake unaanzia hatua tatu nyuma ya jiwe, ng'ambo yake. Hakuna aliyevuka.

Kupima mteremko si kulaza utepe juu ya majani. Urefu wa PV ni urefu wa kulala, kama ramani inavyouona toka juu. Mahali panaposhuka mita 20 kwa kila mita 100, utepe ukifuata ardhi unasoma karibu mita 102. Kwa hiyo tulipima kama ngazi: vipande vifupi, utepe umenyooshwa sawa hewani, jiwe dogo limefungwa katika kamba kuonyesha chini. C mpaka D tulipata mita 114 na sentimita 5. Kwa utepe, na kwa mikono yetu, inatosha. Mita 141 ingetutia katikati ya maharagi.

Mtu atauliza: kama karatasi inasema 141 na jiwe linasema 114, nani anasikilizwa? Kwa desturi ya wapimaji jiwe la kwanza, likiwa halikuhamishwa, lina nguvu kuliko namba iliyoandikwa juu yake, kwani namba iliandikwa kulieleza jiwe. Kosa la mwandishi halihamishi jiwe. Lakini ni lazima jiwe liwepo, na mtu wa kulijua awepo. Mawe mengi katika nchi yetu yamejengewa ndani ya kuta ao yamechukuliwa kutegemeza sufuria. Hapo namba zinabaki peke yake, na yule mwenye karatasi ndiye anayesema.

Sheria inaongeza uzito wa jambo. Namna ya kuandikisha udongo kwa cheti kimoja chenye nguvu ilianzishwa na Robert Torrens katika Australia Kusini mwaka 1858, na utawala wa Leopold II uliichukua kwa Kongo katika miaka ya 1880. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na kwamba mtu ao shirika lina haki ya kuutumia kwa konsesioni inayoshuhudiwa na certificat d'enregistrement. Shule yetu ina karatasi. Wale wamama wa chini hawana. Wanalima kwa desturi, kwa kupewa na wazee. Sheria hiyo hiyo iliahidi kwamba haki za namna yao zitapangwa na amri ya Rais, na amri hiyo ilingojewa miaka mingi mno bila kutoka. Kwa hiyo siku shule ingekuja na mchoro wa kompyuta wenye kufunga vizuri, na muhuri juu yake, wao wangejibu kwa nini? Kwa kusema "niliikuta hapa siku nilifika kuolewa". Mnajua wenyewe maneno gani yanashinda mbele ya meza.

Wenye simu nao tumewasikia: kwa nini msitumie GPS ya simu? Tuliitumia kutafuta jiwe D, ikatuleta karibu, si juu yake. Simu inakosea mita kadhaa, na chini ya miti zaidi. Ni nzuri kwa kutafuta, haifai kwa kushuhudia. Vyombo vya GPS vya wapimaji vinafika sentimita, lakini hivyo ni vyombo vingine na bei nyingine.

Mchoro uliosahihishwa, pamoja na hesabu zote za pande tano, umebandikwa katika bibliotheki karibu na mlango. Bwana Prefe wa masomo amekubali kuandika barua kwa biro ya kadastri kuomba nakala mpya toka kwenye PV ya asili, kusudi 141 isibaki katika kabati letu. Mpaka nakala ile ifike, nakala ya zamani imeandikwa pembeni kwa biki nyekundu.

Imebaki jiwe E. Hatukuliona. Mahali pake tunapajua: kamba ya mita 94,87 toka D na kamba nyingine ya mita 80,62 toka A, zikinyooshwa, zinakutana fasi mbili, moja ndani ya shamba na moja upande wa magharibi; ya magharibi ndiyo. Pako kando ya mti wa avoka. Tulipiga kijiti cha mti tu, kirefu kama mkono, mbele ya mama yule na wenzake wawili walioitwa kuona. Jiwe lenyewe hatukuweka, kwani kuweka jiwe la mpaka ni kazi ya mpimaji wa Serikali, si ya mwaka wa sita. Tafadhali, wanaokwenda kutafuta kuni upande ule wasing'oe kijiti.

Mkubwa wa wanafunzi,
kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita